Chai ya Mbegu za Bangi

Juzi, jirani na soko la vitambaa la Zhongda, nilimsindikiza dada mmoja, mfanyabiashara wa Zanzibar, kwenye kibanda cha chai za mitishamba. Tumbo lilikuwa limemfunga tangu afike Guangzhou, huku China, na jioni alikuwa na ndege ya kurudi nyumbani. Kabla ya kunywa aliuliza kwa ishara swali letu Waislamu la kila siku, kama kuna nguruwe ndani: akajibinya pua ikawa kama ya nguruwe. Mama muuzaji akacheka, akatikisa kichwa: "Meiyou!" Hakuna. Dada akanywa nusu kikombe.

Mimi, bingwa wa kiherehere, nikaelekeza simu itafsiri kibao cha dukani. Ikaandika: mbegu za bangi.

"Yarabi! Kaka, unataka nikafie jela?"

Nikamtuliza. Mbegu hizo hazileweshi, na hapa ni dawa ya kulainisha choo, zinauzwa mchana kweupe. Jani na ua ndiyo balaa, hata uwe na cheti cha daktari wa nchi inayoruhusu. Na kwetu pia usijaribu.

"Yaani mmea mmoja, mbegu dawa, jani jela?"

"Ndiyo hivyo, dada."

"Sasa hii iliyobaki niisomee Bismillahi, au itakuwa kejeli?"

Nimezunguka nchi nyingi, lakini fatwa hiyo sina. Akaisoma kwa kunong'ona, akamaliza kikombe.

Baadaye, katikati ya majora ya vitambaa, akanitupia mkoba wake, akaanza kuangaza macho huku na huku.

"Usiogope polisi, dada," nikamwambia.

"Polisi gani, we kaka! Choo kiko wapi?"