Bwawa la Asbjørn

Oddlaug alikuwa mpishi katika nyumba ya wazee ya kijiji chetu cha Myrset tangu usichana wake, na mama yake mzazi alikuwa akitunzwa humo. Kila Alhamisi alipika madonge ya viazi na nyama ya kondoo ya chumvi, kijiji kizima tukanusa. Kisha jirani zetu, manispaa ya Lauvdal, wakajenga bwawa la kuogelea lenye mtelezo wa kuteremkia majini, na meya wa manispaa yetu ya Stranvik, Asbjørn, akakosa raha. Akaapa kujenga kubwa zaidi, lenye mitelezo miwili, tena hapa Myrset, mpakani kabisa, ili taa zake ziwaumize Lauvdal macho.

Ili fedha zipatikane, akafunga nyumba ya wazee, na bwawa likajengwa. Mama yake Oddlaug alipelekwa nyumba nyingine ng'ambo ya mlima, akawa analetewa vyakula vya kupashwa moto. Akagoma kula. Theluji haijayeyuka, tukamzika.

Asbjørn hakuona haya kuja mazishini. "Pole, Oddlaug. Lakini tungefanyaje? Lauvdal wangetucheka."

"Watakucheka, Asbjørn. Subiri tu."

Kwetu kijiji kikichoshwa na manispaa yake kinaweza kuomba kuhamia manispaa ya jirani, mstari wa mpaka ukasogezwa. Oddlaug alipita nyumba kwa nyumba, akinywa kahawa ya kila mtu.

"Tunahamia Lauvdal," alituambia, "na hakuna atakayefungasha hata kikombe."

"Na bwawa je?" mzee Sverre akauliza.

"Kwani lina miguu? Tunaondoka nalo!"

Sverre alicheka hadi akapaliwa. Tukapiga kura, serikali ikaridhia, na bwawa la Asbjørn likawa la Lauvdal.

Meya wao, Ragnfrid, alikuja kutuuliza. "Mabwawa mawili hatuyawezi. Mnataka hili, au nyumba yenu ya wazee?"

"Likausheni," alisema Oddlaug kabla mwingine hajafungua kinywa.

Nyumba ya wazee ikafunguliwa tena, na siku hizi humo bwawani wanahifadhi kokoto za kumwaga barabarani wakati wa barafu, magari yasiteleze. Alhamisi moja nilimwona Asbjørn amesimama kwenye dirisha la jengo la bwawa akichungulia ile mitelezo mikavu. Sikumhurumia hata chembe. Oddlaug alitoka jikoni mwa nyumba ya wazee, hapo jirani, aproni kiunoni.

"Harufu nzuri," Asbjørn akasema kinyonge. "Mama yangu anazeeka, Oddlaug. Huku kwenu hamna nafasi?"

"Ipo," alisema Oddlaug. "Ya wakazi. Wako mpeleke ng'ambo ya mlima."