Sahani ya Nne

Hidaya binti Mahmoudi alikuwa mkausha samaki, na pale Kalemie, ufukweni karibu na mto Lukuga unapotoka ziwani, hakuna aliyebishana naye juu ya kazi hiyo. Aliweza kuchota ndagaa, awasugue mara moja kiganjani, kisha akwambie walianikwa juzi asubuhi na manyunyu yakawapata jana. Mikebuka, wale samaki wanene wa ziwani, aliwajua kwa harufu tu. Mumewe alikuwa amefariki, binti zake wawili walikuwa wameolewa Nyunzu, na nyumbani alibaki na mama yake mzee, mwanamke wa maneno machache.

Maneno hayo yalipungua tangu Husseini apotee. Husseini alikuwa mdogo wake Hidaya, mtoto wa pili. Mwaka ule wa vita alimpakia Mouna, kitinda mimba wao, kwenye boti ya mota, akamvusha hadi Kigoma. Kisha akageuza boti kurudi Kalemie, na hapo habari zake zikaishia. Hata ubao haukuokotwa. Watu walipokuja kusema matanga yafanyike, mama aliwajibu, "Nifanye matanga ya nani? Mimi sikuona maiti." Wakaondoka, miaka ikapita.

Mouna alikaa kambini, halafu akapelekwa Norwe, kwenye visiwa vinavyoitwa Lofoten, akapata kazi katika kiwanda cha samaki. Alipopata makaratasi kamili alimwalika dada yake. "Njoo uone, dada," alimwambia kwenye simu. "Huku nako njo kazi yako. Utapanda milima, utapanda boti, utakula vya wenyeji."

Hidaya alifika mwezi wa nne. Milima ilisimama moja kwa moja kutoka baharini, myeusi, theluji imeikalia mabegani. Chini yake zilipangwa nyumba nyekundu za wavuvi, zimekanyaga maji kwa miguu ya mbao. Lakini macho yake hayakukaa kwenye milima. Yalikwenda kwenye vichanja.

Vilikuwa virefu kuliko msikiti wa mtaani kwao, vimejaa samaki waliofungwa mikia wawili wawili. Upande mwingine vilitundikwa vichwa vitupu, maelfu, vinywa wazi, vyote vikitazama baharini. Hidaya alisogea, akabonyeza shavu la kimoja kwa kidole gumba. Kilikuwa kikavu kama gome la mti. Hapakuwa na moshi. Hapakuwa na jua la maana. Baridi ndiyo iliyokuwa ikikausha.

"Mouna," aliuliza, "inzi wako wapi?"

"Hakuna inzi, dada. Baridi."

Hidaya alikuwa amepigana na inzi maisha yake yote, na bado jibu lile halikumfurahisha. Samaki wengi hivyo, na hakuna kiumbe aliyewataka. Upepo ulipopita, vichwa viligongana, vikatoa sauti kama watu wanaonong'ona wakisubiri mkutano uanze.

Jirani wa Mouna aliitwa Ragnhild, mjane wa miaka sabini na kitu, mwenye mikono mipana ya mvuvi. Siku ya nne aliwachukua wote wawili kwenye mashua yake ya mbao, ncha zake zimeinuka mbele na nyuma, wakavuta makasia hadi ghuba moja nyuma ya mlima. Huko kilikuwepo kijiji ambacho watu walikwisha kuhama. Mapazia bado yalining'inia madirishani. Nyumba ya marehemu baba yake Ragnhild ilikuwa ya mwisho, karibu na maji.

Ragnhild aliwasha jiko, akachemsha samaki pamoja na maini na mayai yake, kama walivyokula wazee wake. Hidaya alionja maini, akaitika kwa kichwa kwa heshima. Chakula cha wavuvi hakikuwa kigeni kwake. Ndipo alipoona mezani sahani nne, nao ni watatu.

"Muulize anamngoja nani," alimwambia Mouna.

Mouna aliuliza. Ragnhild alijibu bila kuinua macho.

"Anasema baba yake alikuwa akiweka hivyo," Mouna alitafsiri. "Ya yule ambaye hajafika."

"Nani ambaye hajafika?"

"Hakusema, dada."

Walikula. Sahani ile ilitoa mvuke kama zao. Walipokuwa wakiosha vyombo, Ragnhild alimwaga baharini chakula cha sahani ile, akarudi bila kugeuka nyuma.

Wakati wa kurudi ukungu ulishuka. Haukuja polepole. Mlima ulikuwepo, halafu haukuwepo. Ragnhild alivuta kasia la kulia, Mouna la kushoto, naye Hidaya alikaa nyuma, mtandio ameukaza masikioni. Hapo akasikia makasia mengine. Yalikwenda sawasawa na yao. Ragnhild aliinua mkono, wakaacha kuvuta. Yale mengine yalipiga mara moja zaidi, ndipo yakaacha.

Kisha sauti ikaita, karibu, upande wa Mouna.

"Kitinda! Kitinda we! Ningojee."

Hakuna mtu Norwe nzima aliyejua jina hilo. Aliyemwita Mouna hivyo alikuwa mmoja tu. Ilikuwa sauti ya Husseini, na kule kukwama kidogo kabla ya neno la mwisho, kama alivyokuwa tangu utotoni.

Mouna aliachia kasia, akasimama, mashua ikalala upande. Alifungua kinywa aitikie. Hidaya alimrukia, akamkalisha kwa nguvu, akamziba mdomo kwa kiganja.

"Usiitikie! Ukiitwa majini na usiyemwona, huitikii. Umesahau kwenu?"

Sauti ikaita tena, sasa nyuma yao. Ragnhild hakutazama popote. Alichukua makasia yote mawili, akavuta, midomo imekaza, machozi yakimtiririka usoni. Hidaya aliona kwamba naye alikuwa akisikia, ila si lazima kwamba alimsikia Husseini.

Walipogusa nchi kavu, Ragnhild aliuliza neno moja. Mouna alitafsiri. "Anauliza, mumemsikia nani?" Walipomtajia, aliitika kwa kichwa, akafunga mashua, akaenda kwake. Wa kwake hakumtaja.

Chini ya vichanja Mouna alikaa kwenye theluji.

"Dada, niliwadanganya. Husseini hakurudi kwa kichwa chake. Mimi nilimtuma. Nilikuwa nimesahau cheti changu cha shule, nikamlilia akakilete. Alisema ziwa limechafuka. Nikamwambia, basi haunipendi."

Hidaya hakumpiga wala hakumkumbatia. Alitembea chini ya vile vichwa hadi mwisho, akarudi, akamkuta pale pale. Siku mbili walipikiana na kulishana bila neno. Siku ya tatu Hidaya alisema, "Mama lazima ajue. Nitamwambia mimi." Mouna akasema, "Mwambie." Wakalala kitanda kimoja kama zamani.

Aliporudi Kalemie, Hidaya alimketisha mama yake mkekani, akamweleza yote: cheti, boti, ukungu, sauti. Mama alisikiliza hadi mwisho. Hakuuliza habari za cheti.

"Sauti hiyo muliisikia siku gani?"

"Jumanne, mama."

Mzee alitazama mikono yake. "Miaka yote hii, kila alasiri nikienda kuchota maji ziwani, Husseini alikuwa akiniita. Sikuwaambia, mungesema nimerukwa na akili. Sikuitikia hata mara moja, lakini nilikwenda, asikie nyayo zangu. Ile Jumanne hakuniita. Wala jana. Wala leo. Amepata njia ya kwenda kwa yule aliyemtuma."

Ijumaa walisoma khitima. Mama mwenyewe alichagua mikebuka wa wali, na majirani walilia kana kwamba Husseini alizama juzi.

Jioni hiyo Hidaya alimpigia Mouna, akamwambia khitima imesomwa, ila habari za ile sauti ya kila alasiri alimficha. Mouna alimwambia kwamba ameacha kazi kiwandani. Amehamia bara, mji ulio mbali na bahari, anafagia shule. Ni mji mzuri, alisema, una miti mingi. Kuna ziwa dogo nyuma ya nyumba, lakini bado hajakwenda kuliona.