Uso wa Bikira Uliofutika

Walioniharibia ni wawili: mtoto wa kiume wa bibi mmoja mzungu niliyemtunza mjini Mansfield, huku ughaibuni, na nesi Mkenya aliyekuwa msimamizi wangu, tunayesali naye kanisa moja. Majina nayaacha. Wakisoma watajitambua.

Kazi yangu ilikuwa kumwogesha bibi, kumlisha, kumgeuza kitandani. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa, kwa hiyo kila asubuhi baada ya chai nilimfunulia kitabu chake cha sala. Kidogo, kama kiganja changu. Alisema kiliandikwa kwa mkono Ulaya, zaidi ya miaka mia tano iliyopita, tajiri mmoja akampa mke wake.

Darasa la nne sikulimaliza, lakini ngozi naijua. Baba yangu kule Kivu aliwamba ngoma. Nilipopitisha kidole nikamwambia bibi, kwa Kiingereza changu cha kuokota: hii si karatasi, ni ndama. Upande huu palikuwa na manyoya, ona vitundu. Huku ni upande wa nyama. Bibi alicheka hadi akakohoa. Akasema mwanawe ana digrii mbili na hajawahi kukigusa. Pembeni mwa maandishi palikuwa na maua, ndege, konokono, na dhahabu iliyovimba kidogo. Ukiinamisha kitabu dirishani, inawaka.

Ukurasa mmoja ulikuwa na Mama Maria asiye na uso. Joho la buluu zima, mikono mizima, uso umefutika kama sahani iliyolambwa. Nilimkuta hivyo siku ya kwanza.

Nilimbusu, ndiyo. Mara moja, siku ya kuwakumbuka wanangu wawili waliouawa katika vita ya kwetu Kivu. Nilibusu pindo la joho. Kwetu picha takatifu inabusiwa, haitazamwi tu kama televisheni. Nesi alikuwa amesimama mlangoni.

"Weh! Dada, unalamba mali ya watu?"

"Nasali."

"Hiyo uta-explain kwa mwenyewe."

Mwenyewe, yule mwana, alikuja wiki ile ile. Akafunua, akaona uso hamna, akawaka. Akamwuliza nesi nani amekishika. Nesi alikuwa katika nyumba ile miaka miwili kabla yangu. Alijua ule uso ulifutika kabla sijaja. Akajibu, "Nilimwona akikibusu." Basi. Hakudanganya. Alitoa nusu ya kweli, nusu akaimeza, maana yeye ndiye aliyeniachia kitabu mikononi, akaogopa lawama zimrudie.

Bibi alipiga kelele kitandani: kilikuwa hivyo tangu enzi za bibi yake! Mwanawe akamwambia, "Mama, umechoka, umechanganyikiwa."

Nilitolewa siku hiyo hiyo. Habari ilifika Haltom City, mji wa jirani tunakokaa wakimbizi, kabla yangu. Kanisani wamama wakaanza kusogeza mikoba nikikaa karibu. Mimi, niliyewakimbia watu wa panga nikiwa na mimba, nimeshindwa na watu wenye glavu safi.

Baada ya miezi saba nesi akanifuata nje ya kanisa, kwenye maegesho ya magari.

"Mama, mambo yameisha. Walileta mtaalamu wa vitabu. Amesema ule uso uliisha zamani, wenye kitabu wa wakati huo walikuwa wakiubusu kila siku. Si wewe. Nitakutafutia mgonjwa mwingine."

"Na bibi?"

"Tulimzika Jumanne."

"Aliniulizia?"

Akatazama funguo za gari. "Kila asubuhi. Tulimwambia umerudi Afrika."

"Kitabu nani alikuwa anamfunulia?"

"Mwanawe alikifungia kabatini."

Nikamwambia: Jumapili ijayo, wakati wa matangazo, simama mbele ya wote, useme ile nusu uliyoimeza.

"Ai, mama. Hiyo ni aibu sana."

"Naijua. Nimeivaa miezi saba."

Jumapili ilifika. Padri akauliza kama kuna mwenye tangazo. Nesi alikuwa safu ya pili, anapanga nywele za binti yake. Hakusimama. Nikasimama mimi.