Gunia la Sukuma Nililolibeba Hadi Kawangware

Asubuhi ile nilitoka kwenda kununua mandazi, nikajikuta nimebeba gunia. Hata leo sielewi vizuri ilikuwaje. Nakumbuka nilivaa viatu, nikafungua mlango, nikaliona gunia langu la sukuma wiki limeegemea ukuta wa mabati pale mtaani Gatwekera, nikaliinua begani. Mandazi sikuyakumbuka tena.

Hakuna aliyenifukuza. Binamu yangu, ambaye ndiye aliyekodi kile chumba, alikuwa amemleta mkewe na watoto wao kutoka nyumbani, huko ziwani. Shemeji alinipokea vizuri kuliko hata binamu mwenyewe. Lakini watoto walikuwa wakilala pale nilipokuwa nikilala mimi, na mimi nilikuwa nikilala nimekaa. Kila asubuhi nilijiuliza niende wapi, na kila asubuhi nilikosa jibu. Siku ile nikaenda bila jibu.

Gunia lenyewe halikuwa limejaa. Lilikuwa na udongo wa kunifika magotini, na katikati nguzo ya mawe niliyookota kando ya reli, ili maji yapite hadi chini. Ubavuni nilikuwa nimetoboa matundu na kupanda miche. Nimebeba simiti kwenye mjengo miaka mingi, kwa hiyo uzito haukunisumbua. Kilichonisumbua ni ile miche. Baridi ya mwezi wa sita ilikuwa imeingia, mawingu yanakaa hadi mchana, na sukuma zangu zilikuwa zimerefuka shingo na kupauka kama watu waliotoka wodini. Nilikuwa nimezifunika. Kwetu ziwani hakuna anayeotesha miche bila kuijengea kipaa cha nyasi, la sivyo jua litaila. Nikawaza: kama kifuniko kinazuia joto, kitazuia na baridi. Nikachomeka vijiti vinne, nikatandaza kipande cha gunia kuukuu juu yake. Zikazidi kupauka. Nikaongeza kipande cha pili.

Niliacha shule mapema, lakini sikuacha kuuliza. Nilikuwa nimeuliza jirani, nimeuliza muuza mboga, nimeuliza hata mhubiri. Mmoja alisema ni maji mengi, mwingine maji machache, mhubiri akasema ni majaribu.

Nilipofika Sarang'ombe, vijana wa bodaboda wakaniona na lile paa langu la vijiti linatikisika begani.

"Niaje, buda! Umehama na shamba?"

"Nimehama nayo."

"Na title deed umeweka wapi?"

"Wachana naye," mwenzake akasema, "si unaona amebeba kanisa? Hiyo ni hema ya kukutana."

Walicheka hadi mmoja akashika usukani asianguke. Nami nikacheka, ingawa tope lilikuwa linanitiririka shingoni. Mmoja aliniuliza naelekea wapi. Nikanyoosha mkono mbele. Mbele kulikuwa na barabara ya Ngong, nikaifuata, nikipumzika kila bega lilipochoka. Dagoretti Corner nilisimama nikitazama magari, nikaona mengi yanakunja kulia. Nikakunja kulia.

Ndivyo nilivyofika Kawangware.

Kazi ningepata, mtu hakosi kazi za mikono. Ilibidi nipate pa kulala kabla giza halijaingia, na hapo ndipo gunia lilipogeuka kuwa kesi. Katika ploti ya kwanza ya vyumba vya kupanga, mlinzi wa nyumba alinionyesha chumba, kisha akatazama begani kwangu. "Nyumba iko. Lakini hiyo matope, hapana." Katika ploti ya pili waliniambia vivyo hivyo, ila kwa sauti ya juu. Ningeweza kulitupa mtaroni nikamaliza. Sijui kwa nini sikulitupa. Nilijiuliza hivyo nikiwa nimelikumbatia.

Ploti ya tatu ilikuwa na safu mbili za vyumba, na katikati, mahali ambapo wengine wangejenga safu ya tatu, kulikuwa na bustani. Mwanamke mzee, mwenye ploti, alikuwa ameinama na jembe. Alikuwa anayaondoa mabua ya mahindi yaliyofunika udongo. Anayaondoa! Wakati wa baridi! Nikasahau kilichonileta.

"Shosho, kwa nini unafunua?"

Akanyanyuka polepole, akanitazama, akatazama paa langu.

"Ngai! Na wewe kwa nini umefunika?"

"Baridi."

"Jua iko wapi siku hizi?"

"Hakuna, shosho. Inatoka kidogo tu, saa nane."

"Hiyo kidogo ndiyo umenyima mboga." Akaling'oa lile paa, vijiti vyote vinne, kama mtu anayemvua mtoto kofia kanisani. "Ona shingo! Hizi zinatafuta dirisha."

Nikalitua gunia chini, nikamwambia kwetu hufanywa hivyo. Akauliza kwetu ni wapi. Nilipomwambia, akatikisa kichwa. "Huko mnakimbia jua. Hapa sisi tunaiomba."

Nilikuwa bado nalitafakari hilo aliponishika kifundo cha mkono na kukisukuma kiganja changu ndani ya tuta. Karibu nipige kelele. Chini ya udongo wa juu kulikuwa na joto, joto la kweli, kama tumbo la mnyama.

"Nani amewasha?"

"Ng'ombe," akasema, na kucheka mwenyewe. Alikuwa ametandika samadi mbichi na majani chini, udongo juu yake, ikawa inachemka yenyewe pole pole. Nikatoa mkono, nikaurudisha. Nilikuwa na maswali mengi hata nikashindwa kuchagua la kwanza.

Nikauliza la chumba.

"Kiko kimoja, kule mwisho. Lakini hiyo gunia mwaga hapa."

"Nimwage?"

"Kwa gunia mboga inapigwa baridi mgongo na tumbo. Hapa chini iko na blanketi. Na mimi sitaki matope kwa veranda. Mwaga."

Nililishika gunia lisianguke, ingawa halikuwa linaanguka. Nimeishi mtaa wa Lindi, nimeishi mtaa wa Gatwekera, nimeishi kwingine nisikokumbuka vizuri, na kila nilipohama nilibeba kila kilichokuwa changu. Udongo ukishamwagwa juu ya udongo wa mtu, utautambua vipi?

"Na nikihama, shosho?"

"Utahama na miguu. Kwani ulizaliwa na gunia?"

Nililikumbatia gunia, nikatembea nalo hadi langoni. Nje kulikuwa na barabara, na upande wa pili wa barabara lango jingine, nami nilishajua mlinzi wake atasema nini. Nikatazama ile miche. Bila paa lake ilikuwa imeinama yote upande mmoja, upande kulikokuwa na mwanga kidogo. Nikarudi.

Niliitoa miche mmoja mmoja, kisha nikapindua gunia. Mawe ya reli yakabingirika kwanza.

"Hizi ni za nini?"

"Za kupitisha maji."

"Hapa maji inajua njia." Akayasukuma kando kwa mguu.

Tukapanda, mimi nikichimba, yeye akisahihisha. Kwetu tungeisogeza karibu. Yeye akataka iachane, jua lipite katikati. Kwetu humwagilia jioni. Yeye akasema jioni nisiguse maji, nisubiri asubuhi. Nilimfuata, kichwa kikinizunguka, nisijue kama maisha yangu yote nilifanya makosa au nilifanya vizuri mahali pengine. Udongo wangu ulikuwa mweusi kidogo kuliko wake. Tulipomaliza nikautafuta, nisiuone.

Akanipa ufunguo. Halafu akaliokota gunia, akalikung'uta, akalikunja mara mbili, akaenda kulitandika mbele ya mlango wa mwisho.

"Pangusa miguu," akasema.

Nikapangusa, nikaingia.