Jasho la Shitingi

Mtoto wangu alikuwa na miezi minne, na kila asubuhi aliamka amelowa. Si mkojo. Mkojo naujua. Haya maji yalikuwa kwenye kofia na upande wa juu wa blanketi.

Tulikuwa tunaishi ndani ya mtumbwi, mtoni. Shule ya karibu na Mpofi, tulikohifadhiwa sisi wakimbizi, iliingiwa na surua, na muuguzi alisema chanjo yake ni mpaka mtoto afike miezi tisa. Mjane mmoja, mwenyeji wa Walikale, alikuwa analala mtumbwini mwake kwa sababu wenye bunduki walichukua kila mtumbwi uliokosa mtu. Akaniambia nije. Baba wa mtoto alikuwa amerudi kwetu Kirolirwe, kule Masisi, kuangalia nyumba, kama vile nyumba ndiyo iliyokuwa hatarini. Hasira hiyo bado ninayo.

Mtumbwi wenyewe ulikuwa gogo moja refu. Tulipinda fito kutoka ubavu mpaka ubavu, tukatandika juu yake shitingi, turubai la plastiki nililotoka nalo shuleni. Chini tulifunga kitanda cha mianzi, kikae juu ya maji ya sakafuni. Sufuria zilining'inia kwenye fito. Ukiweka gunia la mihogo kushoto, lazima wewe ulale kulia, au mtalala mmeinama mpaka kuche. Sitadanganya, mambo hayo yalinivutia. Sikuwahi kuona nyumba inayojali umeweka wapi sufuria.

Joto nililileta mimi. Kwetu Masisi, milimani, ni baridi. Ukiwa na mtoto mchanga unafunga mlango, unafunga dirisha, unaweka mbabula, jiko la makaa, karibu na kitanda. Nikafanya vilevile. Nilikaza shitingi pande zote, nikaweka mbabula katikati juu ya udongo niliotandika, na birika juu yake. Nikajisifu. Asubuhi: matone, kikohozi cha mtoto, na kichwa kinaniuma.

Kikohozi kile kilisikika mpaka barabarani, na mjane alikuwa amejificha pale mtoni, wenye bunduki wasimsikie. Siku ya tatu ya juma aliniambia waziwazi:

"Mama, kama mutoto anakohoa tena mpaka siku ya Mungu, murudie kule ku masomo."

Mpaka Jumapili, kisha kule shuleni, kwenye surua.

Yeye alisema shitingi imetoboka. Mchana nikaimwagia ndoo tano za maji, nikaingia ndani, nikakaa kutazama juu kama kichaa. Hata tone moja halikupita. Basi akasema ni mto unapumua. Neno hilo lilinikaa kichwani. Sekondari, prof wa fizikia alituandikia ubaoni habari za mvuke, nami nilinakili tu bila kujali. Saa nane mchana nikafunga shitingi, sisi watatu ndani, mbabula inawaka, birika linachemka. Haikupita saa moja, plastiki ikaanza kutoa jasho. Nilipitisha kidole, maji yakatiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Si mto, Mama. Ni sisi njo tunapumua. Sisi na hii birika."

Akanitazama, akatazama mtoto.

"Watu ya milima," akasema, "munafungia mutoto sawa vile munapika kwanga."

Kama mihogo iliyofungwa majani ikapikwa kwa mvuke. Alicheka mpaka mtumbwi ukatikisika. Nilikasirika, maana alisema kweli. Nililaumu turubai, nililaumu mto, kumbe ni mimi niliyekuwa ninamlowesha mwanangu.

Mbabula tukaihamishia nje, puani mwa mtumbwi. Shitingi tukaiacha wazi mbele na nyuma. Chini ya plastiki mjane alipanga majani mapana, yale ya kufungia kwanga, kama anavyoezeka nyumba, ili tone likidondoka liteleze pembeni. Upepo ulipita. Niliogopa, nikamlaza mtoto kifuani ndani ya nguo zangu.

Siku ya Mungu nilifunga mfuko wangu mapema, nisije nikafukuzwa nikiwa ninapapasa vitu. Mjane hakuutazama. Alishika kofia ya mtoto, akashika blanketi, akaliweka shavuni. Kavu. Mtoto alikohoa mara moja, kidogo, akaendelea kulala.

Mjane akaniuliza imebaki miezi mingapi mpaka ile chanjo. Mitano, nikasema. Akapima kitanda kwa macho.

"Atakuwa anatambaa," akasema. "Tutaweka ukuta huku na huku, asianguke mu mayi."