Koti la Baba Jukwaani

Mtu akiniambia twende tukatazame maigizo, namjibu vibaya. Wanangu wamezoea, wanasema mzee ana hasira za karibu. Acha waseme. Wao hawakuwapo siku ile shuleni kwetu, upande wa Mabawe huko Ngara, wakati wa vita ya Kagera.

Baba alikuwa mgambo. Lori liliwachukua wanaume wa kijiji chetu cha ujamaa asubuhi yenye ukungu, wanaimba, na baba akaacha koti lake msumarini kwa sababu aliambiwa huko atapewa la jeshi. Koti la kahawia, kiwiko kimoja kina kiraka. Mama alisema asiliguse mtu. Wenzake walituma salamu kwa watu waliopita, yeye kimya. Redio ya mwenyekiti ilitangaza kwamba majeshi yetu yanasonga mbele. Wasonge! Sisi nyumbani tulitaka kujua jambo moja tu: baba yu hai?

Ndipo wakaja wanachuo wa ualimu. Walitoka mbali, wengine pwani huko, wakizunguka shule za Ngara na Biharamulo na mchezo wa kuigiza unaohusu baba, mama na watoto. Nguo za kuigizia hawakubeba. Kila walikofika waliazima za wenyeji, ili watoto waone mambo ya kwao hasa. Mwalimu mkuu akaja nyumbani na kiongozi wao, kijana mrefu mwenye mwanya na sauti nene.

"Shikamoo, mama," kijana akasema.

"Marahaba, baba."

"Tunaomba koti la mzee. Mimi ndiye ninayeigiza baba. Jioni litarudi."

Mama aliutazama ule msumari. Siku zile kumkatalia mwalimu mkuu ilikuwa sawa na kukikatalia kijiji kizima. Akalitungua, akalikung'uta vumbi, akasema, "Lirudi kama lilivyo." Bibi, mama yake baba, alikuwa shambani kwenye maharage. Laiti angekuwapo!

Mchezo wenyewe ulikuwa mtamu, sitasema uongo. Baba mkali anaingia nyumbani, watoto wanakimbilia migombani kujificha, mama hapewi nafasi ya kusema neno. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, maana kila mmoja wetu alimwona baba yake pale. Kisha yule baba anasafiri kutafuta kazi, nyumba inapooza, huko aliko anawakumbuka wanawe na kurudi mtu mwingine kabisa. Hapo ndipo kijana alipoingia amevaa koti la baba. Wakamwekea kigoda. Akaketi, akafungua mikono.

"Wanangu, njooni. Nimerudi."

Watoto wa kuigiza walikuwa wamepangwa, wa darasa la tano. Lakini mdogo wangu wa kike, ambaye shule hata hajaanza, alichomoka mapajani kwa mama akakimbia mpaka mbele. Akapiga magoti kusalimia, kama alivyofundishwa. Kijana wa watu hakujua kitu. Akampakata, akampangusa kamasi kwa mkono wa koti, akamwambia, "Umekua, mwanangu." Shule nzima ikapiga makofi.

Wazee hawakupiga. Kwetu sisi, mtu mwingine kuvaa koti la mwenye nyumba na kuketi kigodani mbele ya watu ni jambo la siku moja tu, siku ya kumaliza matanga, mrithi anapokabidhiwa nyumba ya marehemu. Mgeni angejuaje? Bibi alikuwa ndiyo kwanza anafika kutoka shamba. Alitupa jembe chini.

"Mvueni!" alipiga kelele kwa Kihangaza, lugha yetu. "Mvueni hilo koti! Mwanangu hajafa! Nani kamzika mwanangu?"

Walipomtafsiria, kijana alilivua kwa haraka hata kifungo kikakatika. Akaomba radhi kwa bibi, kwa mama, kwa kila aliyekuwa karibu. Mchezo ukaishia pale. Mdogo wangu alikuwa amemng'ang'ania mguu, analia, "Baba, usiende tena," ikabidi mimi nimbandue. Alinipiga mateke njia nzima.

Usiku ule hakuna aliyekula. Mama alikuwa amekitafuta kile kifungo kwenye vumbi la uwanja mpaka akakiona, akakishona kwa uzi mweusi kwa kuwa wa kahawia hakuwa nao, na koti likarudi msumarini.

Vita ikaisha. Lori likawarudisha wanaume, tukalipokea barabarani kwa ngoma na vigelegele. Walishuka wote, baba hakushuka. Mwenzake mmoja akamshika bibi mkono, akamvuta pembeni. Sikusikia alichomwambia. Nilimwona tu bibi anakaa chini, palepale barabarani.

Siku ya kumaliza matanga walinivalisha mimi, mtoto wa kiume wa kwanza. Mikono ya koti ilinipita vidole. Wakaniketisha kigodani, ukoo ukapita kunisalimu kama mwenye nyumba, na mimi nilikuwa nalia waziwazi, sikujali nani ananiona. Zamu ya mdogo wangu ilipofika hakupiga magoti. Alikishika kile kifungo cha uzi mweusi, akachungulia nyuma yangu, kisha akauliza, "Mbona umelivaa wewe? Baba yuko wapi?"

Hakuwa akimuulizia aliyetuzaa. Huyo alimwacha angali mdogo mno, hakumkumbuka. Alikuwa akimuulizia yule wa shuleni.

Leo ni mtu mzima, ana wajukuu. Muulize kuhusu baba yetu, atakuambia alikuwa mrefu, mwenye mwanya na sauti nene, na kwamba alimpakata akamwambia amekua. Baba alikuwa mfupi. Meno yake yalibanana, na sauti yake mimi naanza kuisahau. Zamani niliwahi kufungua mdomo nimsahihishe, mama akanizuia.

"Mwache," aliniambia. "Yeye baba yake alirudi."