Mihogo ya Mama Ndani ya Ziwa la Muzungu

Juzi nilipita nyuma ya mtaa wa Ruashi, nikaona tajiri mmoja amemaliza kuchimbisha ziwa lake mwenyewe, kwenye kijito cha watu wote. Harufu ya tope bichi ilinirudisha kwa mama.

Nje ya Élisabethville, kama mji wetu ulivyoitwa enzi za ukoloni, muzungu mmoja alikuwa ameziba kijito chetu ili apate ziwa la kuogelea. Shimo ambamo mama aliloweka mihogo lilizama humo. Mama hakugombana, aliendelea kuloweka palepale. Mihogo hutolewa siku ya tatu, lakini safari ile aliiacha mpaka Jumapili, wageni wa muzungu walipofika na gramafoni yao. Nilidhani amesahau, na uvundo wa mihogo iliyooza ulinitia haya.

Alinishika mkono, tukapita katikati yao, akaingia majini mpaka kiunoni.

“Weye mama, hii maji iko yangu!” muzungu alifoka, leso puani.

“Lakini mihogo yangu njo ilitangulia, Bwana,” mama alijibu, akaanza kuitoa mmoja mmoja, polepole, huku waogaji wakikimbilia nguo zao.

Sasa najua mama hakuwahi kukosea siku za mihogo. Leo asubuhi nimezamisha vikapu viwili vya mihogo ziwani kwa yule tajiri. Siku ya tatu sitakwenda kuvitoa.